Sahihi ya meya wa kijiji: jinsi komini ndogo za Ufaransa zinavyojiendesha

Kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, karibu na mji wa Verdun, kuna kijiji kinachoitwa Fleury-devant-Douaumont. Kina meya, lakini hakina mkazi hata mmoja. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilitekwa na kukombolewa mara 16, mpaka haikubaki nyumba iliyosimama. Udongo ulijaa mabomu ambayo hayakulipuka, mifupa na sumu, na vita vilipokwisha watu hawakuruhusiwa kurudi kukijenga upya. Jirani yake viko vijiji vingine vitano vilivyopatwa na hayohayo: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont. Vyote sita bado ni komini kisheria, yaani eneo dogo kabisa la serikali ya mtaa, lenye meya na baraza lake. Kwa kuwa hakuna wa kupiga kura, mwakilishi wa serikali kuu huteua baraza la watu watatu kwa kila kijiji, mmoja wao akiwa meya, ili pawe na mtu wa kutunza makaburi, njia za msituni na jina lenyewe.

Ukitaka kuielewa serikali ya mtaa ya Ufaransa, anza na vijiji hivi. Komini si idadi ya watu. Ni nafsi ya kisheria yenye mali yake, bajeti yake na madeni yake, inayoweza kushtaki na kushtakiwa. Watu wakipungua, nafsi hiyo haipungui. Huko Rochefourchat, kwenye milima ya Drôme, sensa kwa miaka mingi ilihesabu mkazi mmoja tu, na komini ikaendelea kuwa na meya na baraza kamili. Hilo linawezekana kwa sababu sheria inamruhusu kugombea hata asiyeishi kijijini, mradi awe mlipakodi wa hapo.

Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura akisikia neno "komini" hufikiria eneo kubwa lenye maelfu kwa maelfu ya watu. Komini ya Kifaransa iliyo ya kawaida sivyo ilivyo. Nchi nzima ina takriban komini 34,900. Zaidi ya nusu yake zina wakazi chini ya 500. Ujerumani, yenye watu wengi kuliko Ufaransa, ina manispaa zisizofika 11,000. Hata hivyo, mbele ya sheria, kijiji cha watu 80 na jiji kama Lille ni kitu kimoja: komini, yenye baraza, meya, na mamlaka karibu yaleyale.

Chanzo chake ni parokia. Tarehe 14 Desemba 1789, miezi mitano baada ya ngome ya Bastille kuanguka, Bunge la mapinduzi liliamua kwamba kila mji na kila kijiji kiwe na manispaa yake. Mipaka iliyotumika ilikuwa ileile ya parokia za Kanisa, ambayo wakulima walikuwa wanaijua kwa kusikia mlio wa kengele. Ndiyo maana komini ni nyingi na ndogo: ukubwa wake ulipimwa kwa umbali ambao mtu angeweza kutembea kwenda misani na kurudi. Tarehe 20 Septemba 1792 rejista za kuzaliwa, ndoa na vifo nazo zikatolewa mikononi mwa mapadri zikakabidhiwa manispaa. Tangu siku hiyo, kuzaliwa kwa mtoto wa Kifaransa kunathibitishwa na sahihi inayotoka ofisi ya meya.

Si ngazi

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuuona utawala kama ngazi: kijiji chini, kata juu yake, kisha wilaya, kisha mkoa, na amri ikishuka kutoka juu. Wengi wanaosoma habari za Ufaransa wanabeba picha hiyo na kupotea nayo. Juu ya ramani mambo yanafanana kweli: kuna komini, kuna departementi 101, kuna mikoa 18. Lakini kifungu cha 72 cha katiba kinakataza chombo kimoja cha wananchi kukitawala kingine. Rais wa baraza la departementi hawezi kumwamuru meya wa kijiji cha watu 60. Kila mmoja ana kazi yake.

Shule ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Jengo la shule ya awali na ya msingi ni la komini. Jengo la sekondari ya chini ni la departementi. Jengo la sekondari ya juu ni la mkoa. Walimu wote, popote walipo, wanalipwa na serikali kuu. Kwa hiyo mama mwenye watoto watatu wa umri tofauti, paa za madarasa yao zikivuja, ana milango mitatu ya kubisha. Barabara nazo ziko hivyo: ile inayopita mbele ya kanisa huenda ni ya departementi, na kichochoro kinachotoka hapo kwenda shambani ni cha komini.

Komini ina kitu ambacho departementi na mikoa ilinyang'anywa mwaka 2015: haki ya kushughulikia jambo lolote la eneo lake hata kama halikutajwa kwenye orodha. Msingi wake ni sheria ya tarehe 5 Aprili 1884, ambayo ilisema kwa ufupi kwamba baraza, kwa maazimio yake, huamua mambo ya komini. Ndiyo sababu unakuta kijiji kinamiliki duka la mwisho la mikate, au kinanunua mkahawa uliokuwa unafungwa na kumtafutia mpangaji. Hakuna mtu aliyekiagiza kufanya hivyo, na hakuna anayeweza kukikataza ikiwa kinafuata sheria.

Yupo prefekti, mwakilishi wa serikali kuu katika departementi, cheo kilichoanzishwa na Napoleon mwaka 1800. Kwa zaidi ya miaka 180 alikuwa mlezi wa komini kwa maana kamili: angeweza kuzuia maamuzi ya baraza kabla hayajatekelezwa. Sheria ya tarehe 2 Machi 1982 iliuondoa ulezi huo. Siku hizi baraza huamua kwanza, kisha maamuzi muhimu hupelekwa kwa prefekti. Akiona sheria imevunjwa, hana uwezo wa kuyafuta mwenyewe. Anakwenda mahakama ya utawala kama mlalamikaji mwingine, na hakimu ndiye anayeamua.

Mtu mmoja, kofia mbili

Wananchi hawamchagui meya moja kwa moja. Wanachagua madiwani kwa miaka sita, na madiwani katika kikao chao cha kwanza humchagua mmoja wao kwa kura ya siri. Komini yenye watu wasiofika 100 ina madiwani saba. Kati ya 100 na 499 wanakuwa 11. Kati ya 500 na 1,499 wanakuwa 15. Hesabu hiyo haionekani kuwa kubwa hadi uipime. Katika kijiji cha watu 90, madiwani saba ni karibu mtu mmoja kati ya 13. Nyumba nyingi zina diwani wa sasa, diwani wa zamani, au mtu aliyekataa kugombea.

Akishachaguliwa, meya anakuwa watu wawili. Kwanza ni mtendaji wa baraza: anaandaa bajeti, anaajiri, anatia sahihi mikataba. Pili ni wakala wa serikali kuu: anasajili vizazi na vifo, anafungisha ndoa, anasimamia uchaguzi na kutangaza sheria. Katika kofia hii ya pili hana uhuru wa kufanya apendavyo. Tangu 2013 ndoa ya watu wa jinsia moja iko kwenye sheria, na meya asiyekubaliana nayo hawezi kuigeuza ofisi yake kuwa kizuizi. Ndoa ya ofisini ndiyo ndoa; ya kanisani au msikitini hufuata baadaye, na kiongozi wa dini mwenye mazoea ya kufungisha ndoa kabla ya ile ya serikali anaweza kufungwa. Kwa hiyo mkulima aliyekuwa juu ya trekta saa nne asubuhi, saa tisa alasiri amevaa mshipi wa rangi tatu, anasoma vifungu vya sheria mbele ya bibi na bwana harusi kwa jina la Jamhuri. Naliheshimu sana jambo hilo. Sijui nchi nyingine nyingi ambamo dola linakubali kukaa karibu na watu wake kiasi hicho.

Kofia hizo zina uzito mwingine: usalama. Meya ndiye mwenye wajibu wa utulivu, usafi na usalama wa umma katika komini yake, na pia ni ofisa wa polisi ya upelelezi. Kijiji kidogo hakina askari wa manispaa; meya ana simu ya kuwaita wanajandarma, askari wa serikali kuu wanaolinda vijijini, ambao kituo chao kinaweza kuwa umbali wa kilomita 20. Mwezi Agosti 2019 Jean-Mathieu Michel, meya wa Signes katika departementi ya Var, mzee wa miaka 76, aliwakuta watu wakitupa kifusi kando ya barabara. Aliwasimamisha, kama kazi yake ilivyomtaka. Gari lao lilimgonga akafa. Komini yake ilikuwa na watu wasiofika 3,000. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwaongezea mameya ulinzi na uwezo wa kutoza faini, lakini anayekwenda kuuliza "nani amemwaga taka hapa?" bado ni yeye.

Kwa kazi yote hiyo, mwaka 2024 meya wa komini yenye watu chini ya 500 alikuwa na haki ya posho iliyozidi kidogo yuro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Si mshahara wa kumtosha mtu kuishi. Wengi ni wastaafu, au wana kazi nyingine.

Anayejua zilipo fomu

Katika ofisi ya komini ndogo, mtu ambaye kila kitu kinapitia kwake ni karani. Mara nyingi ni mwanamke, anafanya kazi saa chache kwa wiki, Jumatatu kijiji hiki, Jumanne kijiji kile. Ndiye anayeandika kumbukumbu za baraza, kuandaa mishahara, kufuatilia zabuni, kujibu swali la kaburi la babu, kuandaa daftari la wapiga kura. Makarani wazoefu wanastaafu na kuwapata wapya ni kazi ngumu. Sheria ya tarehe 30 Desemba 2023 iliwapandisha hadhi na kuwapa cheo cha katibu mkuu wa ofisi ya meya, nami naona ilichelewa. Kijiji kinaweza kubaki bila naibu meya mwezi mzima na mambo yakaenda. Karani akiugua wiki mbili, hata bili ya umeme wa shule hukwama.

Sababu mojawapo ni namna fedha zinavyoendeshwa. Meya haruhusiwi kushika pesa. Anaagiza malipo kwa maandishi. Mhasibu wa serikali kuu, ambaye hayuko chini yake, ndiye anayekagua hati na kulipa, na fedha za komini zinawekwa Hazina ya taifa. Bajeti lazima ilingane. Mkopo unaruhusiwa kwa kujenga, si kwa kulipa mishahara au mafuta ya kupasha moto. Kanuni hizi ni kali, na zimeziepusha komini nyingi na aibu.

Mapato yanatoka sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kodi ya ardhi na majengo. Zamani ilikuwepo pia kodi ya makazi, iliyolipwa na kila anayeishi katika nyumba, mwenye nyumba na mpangaji vilevile. Ilifutwa hatua kwa hatua, na kufikia 2023 hakuna anayeilipa kwa nyumba anayoishi. Imebaki kwa nyumba za likizo. Komini zilifidiwa kwa kupewa sehemu ya kodi ya majengo iliyokuwa ya departementi. Kwenye karatasi hakuna aliyepoteza. Lakini mpangaji wa kijijini leo halipi kodi yoyote ya makazi kwa komini yake, na baraza likitaka kukarabati shule, mzigo unamwangukia mwenye nyumba peke yake. Uzi uliomfunga kila mkazi na bajeti ya pale alipo umekatwa, na mimi nauona ni upotevu mkubwa kuliko hesabu zinavyoonyesha.

Sehemu ya pili ni ruzuku kuu ya serikali, takriban yuro bilioni 27 kwa mwaka, inayogawanywa kati ya komini, miungano yake na departementi. Hapo kuna kanuni iliyowaudhi mameya wa vijijini kwa miaka mingi. Katika kukokotoa sehemu ya msingi ya ruzuku, mkazi wa komini ndogo kuliko watu 500 huhesabiwa kwa kizio cha 1. Kizio kinapanda pole pole hadi 2 kwa miji inayozidi watu 200,000. Hoja ya miji ni kwamba inahudumia na wageni: hospitali, maktaba, viwanja. Vijiji vinajibu kwamba maji wanayokunywa watu wa mjini yanatoka kwenye chemchemi za vijijini, na msitu wanaotembea Jumapili kuna mtu anayeutunza. Jibu hilo limesikika kidogo, maana sasa kuna ruzuku ya ziada kwa komini za vijijini zinazolinda mazingira.

Kisha kuna ruzuku za miradi. Kijiji kikitaka kuezeka upya kanisa, kinaweza kuomba serikali kuu, departementi na mkoa, lakini kwa kawaida lazima chenyewe kitoe angalau asilimia 20 ya gharama. (Ndiyo, kanisa: makanisa mengi yaliyojengwa kabla ya 1905, mwaka ambao dini ilitenganishwa na dola, ni mali ya komini, na paa likivuja ni paa la baraza la madiwani.) Pesa zipo kwa anayejua fomu ipi, kwa nani, kabla ya tarehe gani. Tunarudi palepale kwa karani.

Sahihi imebaki, kalamu imehama

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kijiji cha watu 200 hakiwezi kununua lori la taka wala kumwajiri mhandisi wa maji taka. Tangu sheria ya 1890 komini zimeruhusiwa kuungana kwa kazi maalumu, kwa mfano kusambaza maji. Kuanzia 1992 zikaja jumuiya za komini zenye uwezo wa kutoza kodi zao, na sheria ya Agosti 2015 ikataka kila jumuiya ifikishe angalau watu 15,000, isipokuwa milimani na sehemu zenye watu wachache. Leo kila komini imo ndani ya jumuiya, isipokuwa visiwa vinne: Yeu, Bréhat, Ouessant na Sein.

Jumuiya inachukua taka, maendeleo ya uchumi, mara nyingi mpango wa matumizi ya ardhi. Komini inabaki na shule, makaburi, ukumbi wa sherehe na rejista. Jumuiya si komini kubwa. Ni chombo ambacho komini zimo ndani yake na kila moja ina angalau kiti kimoja barazani. Lakini kiti kimoja kina uzito gani? Nchi ya Wabaski, kusini-magharibi, tangu Januari 2017 ina jumuiya moja ya komini 158. Baraza lake lilikuwa na wajumbe 232. Diwani wa kijiji cha mlimani anaendesha gari zaidi ya saa nzima kwenda kupiga kura moja kati ya 232 kuhusu nyumba zitakazojengwa mbele ya dirisha lake.

Kibali cha ujenzi kinaonyesha ugumu huu kuliko kitu kingine. Tangu 1983 mameya wenye mpango wa ardhi ndio wanaotoa vibali. Kwa muda mrefu maofisa wa serikali kuu waliwaandalia majalada bure. Tangu 2015 huduma hiyo imeondolewa karibu kote, na sasa wataalamu wa jumuiya ndio wanaoandaa. Meya anatia sahihi tu. Na sahihi ni sahihi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 2010 dhoruba ya Xynthia iliyasukuma maji ya bahari juu ya ukingo huko La Faute-sur-Mer, komini ya watu kama 1,000 pwani ya Atlantiki. Watu 29 walikufa, wengi wao ndani ya nyumba zilizojengwa bondeni kwa vibali vya ujenzi. Aliyekuwa meya alihukumiwa kifungo, na mahakama ya rufaa mwaka 2016 ikakipunguza kuwa cha miaka miwili, chenye kuahirishwa. Kila ninapoifikiria hukumu hiyo nawaza juu ya waliokufa kwanza, kisha juu ya swali ambalo mfumo haujalijibu: komini ya watu 1,000 inapata wapi ujuzi wa kupima hatari ya bahari?

Wapo wanaosema dawa ni kuziunganisha kwa lazima. Sheria ya 1971 ilijaribu kuzihimiza ziungane. Miungano ilikuwa michache, na mingine ikavunjika baadaye. Kinachovilinda vijiji si mapenzi tu, ni hesabu ya kisiasa. Maseneta 348 hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Wapigakura wao, takriban 95 kati ya kila 100, wanatoka mabaraza ya komini, na hata baraza la watu saba linapeleka mjumbe mmoja. Tena, anayetaka kugombea urais lazima apate sahihi 500 za viongozi wa kuchaguliwa kutoka departementi zisizopungua 30, na wengi wa watia sahihi ni mameya wa vijijini. Tangu uchaguzi wa 2017 majina yao yote huchapishwa. Kwa hiyo mzee wa kijiji anayempa mgombea sahihi kwa ajili ya demokrasia tu, kesho yake anaulizwa dukani kwa nini anamuunga mkono.

Serikali iliwahi kupanga kwamba kufikia 2026 maji na maji taka yawe ya jumuiya kila mahali. Mameya wa milimani, wenye chemchemi zao na mabomba waliyoyafukia baba zao, walipinga miaka kumi. Seneti ilisimama nao. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2025 ikauondoa ulazima huo kwa komini ambazo hazikuwa zimehamisha.

Sheria hizihizi zinafika hadi karibu na kwetu. Mayotte, kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho lugha yake ya Kishimaore ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, ni departementi ya Ufaransa tangu 2011. Kina komini 17, hakuna ya watu 80. Kanuni kwamba shule ya msingi ni ya komini inatumika huko neno kwa neno, na watoto ni wengi kuliko madarasa, hata katika shule nyingi wanapokezana: kundi la asubuhi, kundi la mchana. Bara, meya anahangaika shule isifungwe kwa kukosa watoto. Mayotte, mwenzake ana kofia ileile na tatizo lililogeuzwa juu chini.

Badiliko la karibuni limegusa kura yenyewe. Hadi 2020, katika komini zenye watu chini ya 1,000, mpigakura aliruhusiwa kufuta majina kwenye karatasi na kuandika mengine. Sheria ya tarehe 21 Mei 2025 imeondoa hilo: kuanzia uchaguzi wa Machi 2026 kila komini, hata ya watu 30, inachagua kwa orodha, mwanamume na mwanamke wakifuatana. Orodha inaruhusiwa kupungua watu wawili, kwa kuwa wabunge walijua kuna vijiji ambako kupata saba ni shida. Nafurahi wanawake wataingia kwa wingi. Walikuwa wachache mno katika mabaraza ya vijijini. Lakini kalamu iliyomfuta jirani asiyefaa, bila chama na bila kelele, ilikuwa na thamani yake.

Komini zinazoamua kuungana kwa hiari, chini ya sheria ya 2010 na motisha za fedha za 2015, zinakuwa komini mpya moja. Zimeshaishusha hesabu ya nchi kutoka zaidi ya 36,600 mwaka 2015. Kijiji kilichomezwa hakifutwi mara moja: kinaweza kubaki na meya wake mjumbe, jina lake kibaoni, na ofisi ndogo. Katika ofisi hiyo, sheria inasema, vizazi, ndoa na vifo vya wakazi wa hapo vinaendelea kuandikwa palepale.